Kuvua trauti kwa nzi kwenye mito midogo ya Aberdare na Mlima Kenya

Anayetaka kuvua vizuri zaidi kwa nzi bandia kwa kawaida huanzia dukani, na dukani huanzia kwenye ufito. Fedha nyingi hupotelea hapo. Kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya, kama Gura, Chania, Thiba, Ragati na Sirimon, sehemu nyingi za kuvulia zina upana wa mita chache tu, na msitu umeinamia maji pande zote mbili. Hakuna nafasi ya kurusha mbali hata ungetaka. Ufito wa bei ya kati unatosha kabisa. Kinachoamua kama samaki atauma ni mita tatu za mwisho: lida, tipeti, fundo, na mahali uliposimama wakati unavirusha.

Kwa asiyezoea majina haya: uzito unaorushwa katika uvuvi huu ni wa mshipi mkuu, ambao ni mnene na una ngozi ya plastiki. Nzi mwenyewe, yaani ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu, hana uzito wa kwenda popote. Mbele ya mshipi mkuu hufungwa lida, nailoni inayoanza nene na kuishia nyembamba. Mwisho wa lida huongezwa kipande chembamba sawasawa kiitwacho tipeti, na nzi hufungwa kwenye tipeti.

Vifaa, kwa mpangilio wa umuhimu

Mshipi mkuu kwanza. Chukua wa kuelea. Ule mnene katikati na mwembamba ncha zote mbili unafaa kuliko ule wenye uzito mbele peke yake, kwa sababu ncha ya kwanza ikichakaa unaugeuza na kutumia ya pili. Kwa mirusho ya chini ya mita nane, aina hizo mbili hazitofautiani sana. Namba za fito na mishipi huonyesha uzito wa mshipi. Ufito wa namba 3 unaweza kubeba mshipi wa namba 4 ukiwa unarusha karibu tu, maana mshipi mfupi wa namba 3 huwa mwepesi mno kuupinda ufito. Wauzaji wengi hawakuambii hili.

Ufito wa futi 7 au 7 na nusu, namba 3 au 4, ndio wa mito ya msituni. Mfupi zaidi ya hapo hukunyima uwezo wa kuunyanyua mshipi juu ya mkondo, jambo tutakalolirudia. Wa futi 9, namba 5 au 6, uache kwa ajili ya maziwa ya mlimani kama Rutundu na Alice, ambako upepo ni mkali na hakuna mti nyuma yako.

Rili ni ya kuhifadhia mshipi tu. Trauti wengi wa mito hii ni wadogo na utawaleta kwa kuvuta mshipi kwa mkono. Mita 30 za mshipi wa akiba nyuma ya mshipi mkuu zinatosha. Ila hakikisha breki imelegezwa kiasi cha kumwachia samaki akimbie na imekazwa kiasi cha kuzuia rili isizunguke ovyo na kukuletea msokotano.

Kisha vitu vidogo visivyo na sifa dukani lakini vinavyookoa siku: miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji, kofia yenye ukingo mpana, koleo nyembamba ya kuondolea ndoana, mkasi mdogo wa kucha, na wavu wa mpini wenye nyuzi za mpira. Miwani si ya kuonea samaki peke yake, ni kinga. Ndoana inayorudi nyuma kwa kasi haichagui pa kuingia.

Jambo moja la kuangaliwa sana: dawa ya kufukuza mbu yenye DEET huyeyusha ngozi ya mshipi mkuu, na mafuta ya kukinga jua huufanya uwe na gundi. Jipake kwa mgongo wa mkono, kisha osha viganja kwa sabuni au vifute kwa mchanga wa mtoni kabla ya kushika mshipi. Mshipi unaozama mbele au unaokwama kwenye pete za ufito mara nyingi ni mchafu tu, haujachakaa. Uoshe hivi: beseni la maji ya uvuguvugu, matone mawili ya sabuni laini ya vyombo (usitumie sabuni ya unga ya kufulia), ulaze mshipi ndani kwa mikunjo mikubwa kwa dakika kumi, uvute kupitia kitambaa laini, usuuze kwa maji safi, uvute tena kupitia kitambaa kikavu. Tofauti utaiona kwenye mrusho wa kwanza.

Lida na tipeti

Lida ya dukani ya futi 7 na nusu inafaa, lakini unaweza kufunga yako kwa nailoni za kawaida za kuvulia na ikafanya kazi vilevile. Kipimo kinachofanya kazi kwenye mito midogo ni hiki, kuanzia upande wa mshipi mkuu: sentimita 70 za nailoni ya milimita 0.45, sentimita 35 za 0.40, sentimita 25 za 0.35, sentimita 20 za 0.28, sentimita 20 za 0.22, kisha sentimita 50 za tipeti ya 0.18 au 0.15. Jumla ni kama mita 2.2. Usiruke unene kwa hatua kubwa kuliko hizo. Ukiunga 0.45 na 0.22 moja kwa moja, nguvu ya mrusho hukatika hapo na nzi huanguka juu ya lida yake mwenyewe.

Tipeti huuzwa kwa namba zenye X. Kadiri namba inavyopanda ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba: 3X ni milimita 0.20, 4X ni 0.18, 5X ni 0.15, 6X ni 0.13. Kupata inayoendana na nzi, gawanya namba ya ndoana (namba kubwa, ndoana ndogo) kwa tatu. Ndoana namba 12 inataka 4X. Namba 16 inataka 5X. Tipeti nene mno humkaza nzi asiende na maji. Nyembamba mno hujisokota kila ukirusha nzi mkubwa. Nailoni tumia kwa nzi wa juu ya maji. Florokaboni, ambayo huzama na kustahimili kusuguana na mawe, iwe ya nzi wa chini.

Kila baada ya samaki mmoja au kila ukikwama kwenye jiwe, pitisha sentimita 30 za mwisho kati ya midomo yako au kucha. Ukihisi mkwaruzo, kata ufunge upya. Tipeti ikifupika chini ya sentimita 35, ongeza nyingine, usianze kula lida.

Fundo la kuunganisha lida na tipeti:

1. Lalisha nyuzi mbili sambamba zipitane kwa sentimita 15.
2. Zikunje pamoja kufanya kitanzi kimoja.
3. Pitisha ncha zote mbili (ile fupi ya lida pamoja na tipeti nzima) ndani ya kitanzi mara tatu.
4. Lowesha kwa mate. Vuta ncha zote nne kwa pamoja, polepole, mpaka zikaze.
5. Kata mabaki, acha milimita moja.

Fundo la nzi: pitisha tipeti kwenye tundu la ndoana, izungushe juu ya uzi mkuu mara tano, rudisha ncha kupitia upenyo mdogo ulio karibu kabisa na tundu, kisha ipitishe kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lowesha. Vuta polepole mpaka mizunguko ijipange. Fundo lililokazwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukatika ambayo watu humsingizia samaki mkubwa. Ukikuta ncha ya tipeti iliyokatika imejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo liliteleza: hukuzungusha vya kutosha au hukukaza hadi mwisho.

Kitanzi cha lida na kitanzi cha mshipi mkuu vikiunganishwa lazima vikumbatiane kwa usawa, vitanzi viwili vikiwa vimenyooka. Kimoja kikijikunja na kumnyonga mwenzake, kitakata ngozi ya mshipi mkuu baada ya siku chache.

Kuukaribia mto

Trauti hulala kichwa kikielekea mto unakotoka, kwa hiyo mtu anayepanda mto humjia kwa nyuma. Vua ukipanda. Anzia mkiani mwa kidimbwi, pale maji yanapokuwa kimo kifupi kabla ya kumwagika, kwa sababu samaki wa mkiani akishtuka hukimbilia juu na kuwapa wenzake habari. Wengi hupita mkia bila hata kuutazama, wakivutwa na povu la juu, na kukifanya kidimbwi kizima kisiwe na maana.

Mwanga huingia majini kwa kujipinda, hivyo samaki huona dunia ya juu kupitia duara moja lililo juu ya kichwa chake, na kitu kilicho chini sana karibu na usawa wa maji karibu hakionekani. Ukisimama wima kwenye ukingo unaonekana. Ukipiga goti umetoweka, au karibu. Piga goti. Vaa nguo za kijani iliyofifia au kahawia, na uangalie kivuli chako kinaangukia wapi, hasa saa tatu asubuhi na saa kumi jioni kinapokuwa kirefu.

Sauti za maneno hazimsumbui samaki sana. Mtikisiko wa ardhi ndio unaomsumbua. Hatua nzito kwenye ukingo ulio tupu chini humfikia mara moja. Tembea juu ya mawe yaliyotulia, na ukiingia majini weka mguu kwanza, hamishia uzito baadaye.

Anakaa wapi? Pale maji ya kasi yanapogusana na maji ya polepole, ambapo chakula kinapita bila yeye kupoteza nguvu. Mbele ya jiwe kubwa kuna mfuko wa maji yaliyotulia, na nyuma yake kuna mwingine. Wengi hurusha nyuma peke yake. Chini ya ukingo uliomomonyolewa ndiko kwa trauti wa kahawia, ambaye mlowezi Ewart Grogan alimpandikiza Mto Gura mwaka 1905 kwa mayai yaliyotoka Loch Leven, Scotland. Trauti wa upinde wa mvua, aliyefuata baadaye, hupenda zaidi kusimama wazi kwenye maji ya mbio. Kama mto una aina zote mbili, rusha kwanza kandokando, kisha katikati.

Kurusha mahali pasipo na nafasi

Mrusho wa kawaida ujifunze nyumbani, kwenye nyasi. Funga kipande cha uzi mwekundu wa sufu mwisho wa lida badala ya ndoana. Toa mita saba za mshipi. Weka makarai matatu, la mita sita, la nane na la kumi, na usihamie la pili kabla ya kulipata la kwanza mara tano mfululizo. Robo saa kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi.

Ufikirie uso wa saa ukiwa ubavuni mwako. Ufito unaanza chini, unanyanyuliwa kwa kasi inayoongezeka, unasimama ghafla kwenye namba 1, unasubiri mshipi unyooke nyuma, kisha unakwenda mbele na kusimama ghafla kwenye namba 10. Ni kule kusimama ghafla kunakorusha mshipi. Ufito usiposimama, mshipi haupati mahali pa kutokea na hufunguka kwa kitanzi kipana kinachoangukia karibu. Kifundo cha mkono kikilegea kwenye mrusho wa nyuma, ufito hufika namba 3 na mshipi hupiga nyasi nyuma yako. Tibu kwa kuingiza kitako cha ufito ndani ya mkono wa shati: kikikuumiza, umekunja kifundo.

Mafundo yanayojitokeza yenyewe kwenye lida, ambayo wavuvi huulaumu upepo kwayo, mara nyingi hutoka kwenye mkono. Umeanza mrusho wa mbele kwa nguvu zote mara moja badala ya kuongeza taratibu, ncha ya ufito ikazama, na mshipi wa juu ukapita chini ya ule wa chini. Kila fundo la namna hiyo hupunguza sana nguvu ya tipeti. Usilivumilie, kata.

Mtoni, hata hivyo, mrusho wa kawaida utautumia kwa nadra. Nyuma yako kuna mianzi. Utakaoutegemea ni mrusho wa kuviringisha, ambao hauhitaji nafasi ya nyuma. Huu haufundishiki kwenye nyasi, kwa kuwa mshipi lazima ushikwe na maji:

1. Vuta mshipi polepole juu ya maji mpaka mkono wako ufike usawa wa sikio na ncha ya ufito iwe nyuma kidogo ya bega, imeegemea nje.
2. Simama. Hesabu moja, mbili. Mshipi ushuke na kufanya tumbo nyuma ya ufito, huku sehemu yake ya mbele ikibaki juu ya maji.
3. Sukuma mbele kwa kasi inayoongezeka na usimame ghafla ncha ikiwa bado juu.
4. Mshipi ukishanyooka angani, shusha ncha uufuate.

Mshipi ukirundikana mbele yako, umesimamisha ufito chini mno. Ukiruka wote kutoka majini, umevuta haraka katika hatua ya kwanza. Ukijifunga wenyewe kwa wenyewe, umerusha juu ya mstari wa mshipi uliolala. Elekeza mrusho pembeni mwake.

Chini ya matawi yaliyoinama sana kuna njia ya mwisho. Acha mshipi na lida kwa urefu wa ufito, shika nzi kwa mpindo wa ndoana, ncha kali ikiwa nje ya vidole, vuta nyuma mpaka ufito upinde kama upinde wa mshale, lenga, achia. Hufika mita nne hivi, na mita nne huko ni nyingi.

Nzi aende na maji

Hapa ndipo siku nyingi zinapoharibikia. Mdudu wa kweli husafiri kwa kasi ya maji yanayombeba. Mshipi wako ukilala juu ya mkondo wa katikati wenye mbio wakati nzi yuko kwenye maji ya polepole upande wa pili, mshipi humkokota, nzi huacha mkia mdogo wa mawimbi, na trauti humkataa. Mara nyingine mkokoto ni mdogo kiasi kwamba huuoni. Samaki anauona.

Dawa yake ni kusogea karibu. Ukiwa mita tano kutoka kwa nzi, inua ufito juu ili mshipi mkuu wote uwe hewani, lida peke yake iguse maji. Ndiyo maana ufito mfupi kupita kiasi si faida. Ukirusha kuelekea juu, kusanya kwa mkono wa pili mshipi unaorudi, kwa kasi ileile ya maji: ukichelewa huwezi kumnasa samaki, ukiwahi unamkokota nzi. Pale usipoweza kusogea, mara tu nzi anapotua, zungusha ncha ya ufito na kuutupia mshipi upande wa juu ya mkondo bila kumtikisa nzi.

Samaki akija akageuka, au akimpuuza nzi mara mbili, badilisha kwa utaratibu huu: kwanza pembe unayosimama, kisha urefu na wembamba wa tipeti, kisha ukubwa wa nzi, na rangi mwisho kabisa. Watu wengi hufuata kinyume na kumaliza kisanduku kizima.

Nzi wa kubeba

Kisanduku kimoja kinatosha. Wa juu ya maji: wa kahawia na wa kijivu, namba 12 hadi 16, wenye manyoya ya kutosha kuelea kwenye maji yenye fujo. Wa chini: nimfu, yaani nzi wanaoiga wadudu wachanga wa majini, wenye kishanga cha milimita 2.5 au 3 kichwani, namba 14 na 16, wa rangi ya kahawia na nyeusi. Wa kuzama: Kenya Bug, Mrs Simpson, Coachman na Invicta, namba 10 na 12, ambao wana historia ndefu kwenye mito hii. Siku maji yana rangi ya chai iliyokolea, nzi mweusi wa kuzama huonekana kuliko yeyote mwenye rangi, kwa kuwa kivuli chake ni kikali.

Mpangilio wa kuanza nao usipojua lolote: nzi wa juu namba 12, na kutoka kwenye mpindo wa ndoana yake funga sentimita 45 za 5X, mwisho wake nimfu namba 16. Wa juu akizama au akisimama, inua ufito. Ikiwa humgusi samaki wala changarawe kwa nusu saa, refusha kipande cha chini mpaka nimfu aanze kukwaruza mara mojamoja. Nimfu asiyegusa chini kamwe yuko juu ya vichwa vya samaki.

Nzi wa juu hupakwa mafuta ya kuelea akiwa mkavu, kabla ya kugusa maji, na kwa kiasi kidogo, kwani manyoya yakigandana huzama haraka zaidi. Akishalowa, mafuta hayasaidii. Mkaushe kwa kitambaa, kisha mtikise ndani ya kichupa chenye chembe za kunyonya unyevu. Vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vina chembe hizohizo, zisage kidogo.

Kenya imekuwa ikifunga nzi wa kuuza Ulaya na Marekani kwa miongo mingi, kwa hiyo mafundi wapo, na kununua kwao ni rahisi kuliko kuagiza nje. Lakini kufunga nzi mweusi wa kuzama ni kazi ya dakika kumi. Ndoana namba 10 kwenye jiliwa dogo. Zungushia uzi mweusi kutoka nyuma ya tundu hadi unapoanza mpindo. Funga hapo kwa pamoja ncha ya waya mwembamba wa shaba (wa transfoma ya redio iliyokufa unafaa), ncha ya unyoya mweusi wa shingo ya jogoo na kipande cha sufu nyeusi. Rudisha uzi mbele. Zungusha sufu kuja mbele, ukiacha milimita mbili tupu nyuma ya tundu, ifunge na kuikata. Leta unyoya mbele kwa mizunguko mitano yenye nafasi, ufunge. Kisha zungusha waya kwa mwelekeo ulio kinyume na unyoya, ukiukandamiza, ili jino la samaki likikata unyoya usifumuke. Maliza kichwa kwa mafundo manne na tone la rangi ya kucha isiyo na rangi. Kosa la kila anayeanza ni kujaza sufu mpaka tundu lizibike; nzi hana kichwa na tipeti haipiti. Zile milimita mbili ziache.

Kumnasa na kumwachia

Kwa nzi wa juu, inua ufito kwa utulivu samaki akishafunga mdomo. Kwa nimfu inua mara moja, kwa kila dalili. Kwa nzi wa kuzama unayemwacha ashuke na mkondo kisha kukata mto, usifanye lolote: samaki hugeuka na kujinasa mwenyewe, na ukivuta wakati mshipi umenyooka kati yenu tipeti hukatika.

Bana kijino cha ndoana kwa koleo kabla ya kurusha. Humpotezi samaki kwa sababu hiyo ukiweka mshipi ukiwa umekaza muda wote, na kidole chako kitakushukuru. Ulaze ufito pembeni, mvute samaki kwa ubavu. Ukimvuta kwa juu anapambana na kuruka. Akifika karibu usisimamishe ufito wima ukaushika juu ya mpini, kwani hapo ndipo fito nyingi huvunjika.

Wa kuachiwa, lowesha mikono kwanza, maana mkono mkavu humtoa ute unaomkinga na kuvu. Asitoke majini zaidi ya sekunde kumi. Mshike kichwa kikielekea mkondo mpaka aondoke kwa nguvu zake. Wa kula, mpige kichwani mara moja na kumtoa matumbo papo hapo. Nyama ya trauti huharibika upesi hata penye baridi. Tazama alichokula kabla ya kutupa tumbo: ndiyo orodha ya nzi wa kesho.

Maji, majira na wanyama

Miezi mizuri ni Januari hadi katikati ya Machi, na Julai hadi Septemba. Masika na vuli hufanya mito kuwa ya udongo. Trauti hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 za Selsiasi. Yakikaribia 20 mwache, kwa sababu samaki uliyemwachia katika joto hilo anaweza kufa baadaye. Asubuhi za baridi kali juu kwenye nyanda za wazi hazihitaji kuamka mapema. Subiri jua ligonge maji.

Kibali hutolewa na idara ya uvuvi, na ndani ya hifadhi za taifa kuna kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, juu yake. Nenda na askari wa wanyamapori. Njia zinazofuata mto ni za nyati kabla ya kuwa zako, kwa hiyo kati ya kidimbwi na kidimbwi zungumzeni kwa sauti; ukimya ni wa ukingoni mwa maji tu. Ukiona majani mabichi na povu chafu vinaanza kupita, au maji yanabadilika rangi huku kwako hakuna mvua, mvua imenyesha juu. Toka mtoni wakati huohuo, upande ule gari lilipo.

Baada ya safari

Fungua kisanduku cha nzi usiku kucha karibu na jiko, lakini si juu yake. Ndoana moja yenye kutu huambukiza kumi. Jaribu ukali kwa kuiburuta juu ya ukucha: ikiteleza, inoe au itupe. Osha rili kwa maji safi, ikauke, weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli. Usirudishe ufito uliolowa ndani ya bomba lake. Rangi hutoka malengelenge.

Maungio ya ufito yapake nta ya mshumaa kidogo upande wa kiume kila baada ya safari chache. Ukiunga, anza pete zikiwa zimepishana kidogo, kisha sukuma huku ukizungusha mpaka zilingane. Ufito ukikataa kuachana usitumie koleo wala moto. Baridisha sehemu ya ndani kwa barafu dakika moja, kisha watu wawili washike, kila mmoja mkono mmoja kila upande wa ungio, na kuvuta moja kwa moja bila kuzungusha.